Hema Halina Sakafu, Moto Uko Ndani

Kilo tatu na nusu! Huo ndio uzito wa nyumba nzima: hema la kutosha watu wawili na bunduki zao, nguzo, vigingi, jiko la kuni na bomba lake la moshi. Mzigo huo nimeutia kwenye shanta, nimepanda nao Flat Tops, kaskazini-magharibi mwa Colorado, katika msimu wa bunduki wa mwezi Oktoba, na hadi sasa ninapoandika furaha haijanitoka. Ninyi wenzangu mnaoishi Denver, Minneapolis, Columbus na kwingineko Marekani, mkidhani kuwinda milimani wakati wa theluji ni kazi ya wenye farasi, sogeeni karibu.

Tuanze na hema lenyewe. Lina umbo la piramidi, nguzo moja ya kaboni katikati, na kitambaa chake ni nailoni nyembamba iliyopakwa silikoni. Unapigilia vigingi vya pembeni, unaingia na nguzo mlangoni, unaisimamisha, na papo hapo una chumba! Nilisimama wima katikati yake, na mimi si mfupi. Zipu ya mlango ni nene, inateleza hata ukiwa na glavu mkononi, na kamba za pembeni zinakazwa kwa kuvuta tu, bila kupiga fundo. Karibu na kilele kuna kiraka kigumu cha nyuzi za kioo zisizoshika moto, chenye tundu la duara. Humo ndimo bomba la jiko linamotokea.

Halafu tazama chini. Hakuna kitu. Ni nyasi, udongo, na theluji ukichelewa kufika. Kila niliyemwonyesha hema hili aliinama, akachungulia, akauliza sakafu iko wapi. Jamani, hapo ndipo penye siri yote! Sakafu ya nailoni na moto havikai chumba kimoja. Cheche moja ikidondoka, sakafu imetoboka. Ukiingia na kuni zenye magome na maji, imechafuka. Ukirudi usiku na buti zimejaa tope, lazima uzivue nje, umechuchumaa kwenye baridi huku theluji inakuingia shingoni. Ondoa sakafu na yote hayo yamekwisha. Unaingia na buti zako. Unapasua kuni humo humo ndani. Unakung'uta theluji ulipokaa na ardhi inaimeza. Na ule uzito wa sakafu ambao hukuubeba ndio umelipia sehemu ya uzito wa jiko. Nimelala katika mahema mengi mepesi yenye sakafu, mengine ya bei kubwa, na hakuna hata moja ambalo ningethubutu kuliwashia moto ndani.

Wazo hili ni la kale. Walakota, Wacheyenne na mataifa mengine ya nyanda za katikati ya Amerika waliishi katika mahema ya koni yaliyofunikwa kwa ngozi za nyati, moto ukiwaka juu ya udongo na moshi ukitokea kileleni. Mwaka 1856 ofisa wa jeshi la Marekani, Henry Hopkins Sibley, alipata hataza ya hema la turubai lililoiga mahema hayo, na jiko la koni linaloitwa kwa jina lake likatumika jeshini kwa miaka mingi. Kilichokuja kubadilika ni malighafi. Kifaru, kampuni iliyoanzia Colorado ikajipa jina la Kiswahili, na Seek Outside ya Grand Junction ni miongoni mwa waliolifikisha hema la aina hii kwa mwindaji anayebeba kila kitu mgongoni. Kabla ya hapo, ukitaka moto ndani ulihitaji hema la turubai la kuta nne na jiko la chuma, na huo ulikuwa mzigo wa farasi.

Sasa jiko! Limetengenezwa kwa titani, madini ambayo uzito wake ni zaidi kidogo tu ya nusu ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule, na ambayo huvumilia moto hata yakiwa membamba sana. Linakuja limekunjwa, vipande bapa ndani ya mfuko. Unaunganisha kuta, unachomeka miguu, unaweka mlango wake mdogo, na kazi imekwisha. Lakini kilichonifanya nicheke kwa furaha ni bomba la moshi. Kwanza kabisa si bomba. Ni bamba jembamba kuliko ukucha, lenye urefu unaozidi mita mbili, lililoviringishwa kama mkeka hadi likawa kifurushi cha kutosha mkononi. Unalikunjua, unalipinda upya kwa upande wa urefu wake, kisha unavisha pete za waya ili lisifunguke. Vaa glavu, maana kingo zake zinakata. Mara ya kwanza linabisha, linataka kurudi lilivyokuwa, na afadhali muwe wawili. Ndiyo maana unaliwasha kwanza uani kwako, siku kadhaa kabla ya safari. Moto mkali wa siku hiyo unalizoesha umbo lake, na baada ya hapo linapindika kwa wepesi kabisa. Na rangi zake! Kijivu kinageuka dhahabu, dhahabu inaingia zambarau, zambarau inakolea hadi buluu, zikipanda bomba pindi kwa pindi. Ni utando wa oksidi unaonenepa kadiri joto linavyozidi. Nilikaa kwenye kibaraza nikitazama rangi zinavyopanda hadi chai yangu ikapoa.

Mlimani tulikuwa wawili, mimi na mzee mmoja wa Tanga anayeishi Colorado, ambaye sote tunamwita Mjomba. Jioni ya kwanza ilianguka theluji majimaji, ile inayolowesha kuliko mvua. Mjomba ndiye aliyekata kuni: matawi ya misonobari iliyokufa wima, kuanzia unene wa kidole gumba hadi wa kifundo cha mkono, yote kwa kipimo cha sanduku la jiko.

"Iliyolala chini imeshakunywa maji," aliniambia. "Tafuta iliyokufa imesimama."

Nilipanga njiti na vipande vya msonobari vyenye utomvu, nikawasha. Moshi kidogo ukarudi mlangoni.

"Mjomba, niongeze?"

"Subiri, mwanangu. Bomba lipate joto kwanza."

Tukasubiri. Bomba likapata joto, hewa ikaanza kuvutwa, na ghafla jiko likanguruma! Sauti ile nimeipenda mno. Kuta za jiko zikaanza kuwa nyekundu gizani. Nje baridi ilikuwa imekaza tangu theluji ile, na kipimajoto changu kilisoma nyuzi 9 chini ya sifuri. Ndani, kwenye usawa wa bega, kilipita nyuzi 25, nami nikabaki na fulana. Miguuni bado palikuwa na ubaridi, kwa sababu joto hupanda na ardhi ile imekwishaanza kuganda, kwa hiyo weka mkeka mnene wa kulalia na karatasi ya nailoni chini yake. Juu tulitundika kamba kuzunguka nguzo: soksi, glavu, kofia, suruali ya Mjomba. Vyote vilifuka mvuke. Na ukuta wa hema, ambao kwa pumzi zetu ulikuwa umelowa matone, ulikauka mbele ya macho yangu kuanzia kileleni kushuka chini. Aliyewahi kulala kwenye hema la tabaka moja na kuamshwa na matone usoni atanielewa. Sufuria ya chai ya maziwa na tangawizi ilichemka juu ya jiko lilelile, bila kugusa gesi.

Basi haya yote yanamsaidiaje mwindaji? Colorado ina elki wengi kuliko jimbo jingine lolote la Marekani. Elki ni kulungu mkubwa, dume lake hupita kilo 300, na Flat Tops ni mojawapo ya maskani yake mashuhuri. Eneo hilo limehifadhiwa tangu 1975 chini ya sheria ya nyika ya 1964, na magari ni marufuku. Unaingia kwa miguu au kwa farasi. Mnyama huyu hujitokeza kulisha alfajiri na magharibi, na theluji nzito humsukuma ashuke kutoka vileleni. Yaani siku bora za kumwinda ni zile zile zinazomfukuza mwindaji mwenye soksi mbichi! Nimewaona watu wazima, wenye shabaha nzuri kuliko yangu, wakifunga mizigo na kushuka kwenye magari yao mchana wa dhoruba kwa sababu kila walichonacho kimelowa. Sisi tulibaki. Asubuhi yake tulivaa nguo kavu zenye joto la jiko, mawingu yakiwa yamepanda, na nyayo mbichi zilikuwa zimekata mbuga nusu saa tu kutoka hemani. Tulishuka na nyama, na nasema waziwazi kwamba hema lilikuwa na mkono katika hilo. (Nyama yenyewe itundikeni mtini, kivulini, mbali na mnapolala. Dubu weusi wapo, na kitambaa hicho hakizuii hata panya.)

Panya, ndiyo. Wataingia, na buibui pia, hilo likubali kabla hujalipa. Upepo nao hupenyeza chini ya ukingo. Shusha hema hadi liguse ardhi na ulikandamizie theluji upande unakotoka upepo tu. Usilisimamishe kwenye bonde, maana maji ya mvua yatapita kitandani kwako. Nailoni hulegea ikilowa, kwa hiyo kabla ya kulala toka ukaze kamba upya. Cheche za bomba hutoboa vitundu vidogo kama huna kichungi cha cheche juu yake, kwa hiyo usikiache nyumbani.

Na moto haudumu usiku kucha. Jiko hili ni dogo na jembamba. Ukilijaza linawaka pengine nusu saa, kisha linapoa upesi mno. Hilo mimi halinisumbui hata kidogo. Mfuko wa kulalia ndio kinga yako ya usiku, jiko ni la saa ile unaporudi umeloa na saa ile ya alfajiri unapohitaji ujasiri wa kutoka. Mjomba alikuwa akinyoosha mkono kutoka ndani ya mfuko wake, anawasha njiti alizozipanga tangu jioni, halafu anajifunika tena hadi bomba lingurume.

Sasa niseme lililo zito. Sisi Waafrika Mashariki tumezika watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, na sumu ile ile, kaboni monoksaidi, inaweza kujaa ndani ya hema. Haina rangi wala harufu. Dirisha la kilele libaki wazi muda wote, na upande mmoja wa chini uache upitishe hewa, hasa theluji inapoanguka na kuziba kingo zote. Usilale jiko likiwa linawaka. Beba king'ora cha kaboni monoksaidi. Uzito wake ni wa gramu tu, na hakuna gramu ndani ya shanta yangu ninazozipenda kuliko hizo.

Moto wa msituni nao si mchezo. Mwaka 2020 moto wa Cameron Peak uliteketeza zaidi ya ekari 208,000, mkubwa kuliko wowote katika historia ya Colorado, na ulikuwa bado unawaka katika msimu wa kuwinda. Kwa hiyo kila mara, kabla ya kuondoka, ulizia katika kituo cha msitu unakokwenda: kukiwa na amri ya kuzuia moto, jiko la kuni linaweza kuwa ndani ya katazo, na hapo hema litabaki hema tu. Ukiruhusiwa, kwangua majani makavu na sindano za misonobari hadi ufikie udongo, uweke mawe bapa chini ya miguu ya jiko, na majivu uyamwagie maji hadi uweze kuyashika kwa mkono.

Bei? Si ndogo. Hema zuri na jiko la titani pamoja hupita dola 1,000 bila shida. Kama mfuko hauruhusu vyote, anza na hema, lakini hakikisha tundu la bomba limeshonwa tangu kiwandani. Kulikata baadaye na kushona kiraka kwenye nailoni yenye silikoni ni kazi ya fundi. Jiko utalifuata mwaka ujao. Chagua lenye sanduku refu kidogo kuliko unavyodhani unahitaji, maana kila sentimita ya ziada inakupunguzia msumeno jioni ukiwa umechoka. Na kama hujawahi kuwinda Colorado, anza na darasa la usalama wa uwindaji, ambalo ni lazima kwa kila aliyezaliwa kuanzia 1949, kisha fuatilia bahati nasibu ya vibali vya elki. Maombi yake kwa kawaida hufungwa mapema mwezi Aprili. Mjomba ameshajaza fomu yake, na amenitaka nije na kuni za kuwashia zilizokwishapasuliwa.