Neno "Kwanza" Katika Maandishi ya Ukumbusho

Mawe na mabamba ya ukumbusho yawekwayo kando ya njia aghalabu hayahesabiwi kuwa fasihi. Hata hivyo ni maandishi. Yana mwandishi, ijapokuwa jina lake halitajwi; yana msomaji, naye ni msafiri mwenye haraka; yana kanuni zake, na iliyo kubwa ni ufupi. Maandishi yenye kanuni yaweza kupimwa, na kwa hiyo hapana sababu ya mhakiki kuyapita kama ayapitavyo mwenye motokaa.

Utanzu huu ulistawi sana Marekani. Katika jimbo la Virginia mbao za namna hii zilianza kusimamishwa mwaka 1927, wakati motokaa zilipokuwa zimekwisha kuenea, ili msafiri apate kujua habari za mahali alipofika. Nyingi zilimsifu mlowezi wa Kizungu aliyekuwa wa kwanza kujenga, wa kwanza kulima au wa kwanza kusali mahali fulani, katika nchi iliyokuwa na watu wake tangu maelfu ya miaka. Baadaye jimbo hilo lilibadili maneno ya baadhi ya mbao, likaongeza nyingine ziwatajazo wenyeji wa asili na watu weusi. Kusahihisha huko kwaonyesha kwamba kosa halikuwa katika tarehe. Lilikuwa katika neno "kwanza", ambalo huonekana kama hesabu tu, kumbe ni hukumu.

Kusini mwa Tanzania neno hilo lina historia yake. Huko Mikindani, pwani ya Mtwara, lipo bamba linalomkumbuka David Livingstone, aliyeshuka hapo Machi 1866 kabla ya kushika njia ya bonde la Ruvuma, chini ya uwanda wa juu wa Makonde. Mwandishi wa bamba alitumia tahadhari: hakuthibitisha kuwa msafiri huyo alikaa mahali hapo, bali alisema kuwa yasadikiwa hivyo. Tahadhari hiyo yastahili sifa. Kasoro ni upweke wa mtajwa. Livingstone hakusafiri peke yake. Miongoni mwa wenzake alikuwamo Chuma, kijana wa Kiyao, ambaye miaka saba baadaye alikuwa mmoja wa wale walioubeba mwili wa bwana wao hadi pwani. Kwa Mzungu njia ile ilielekea nchi ngeni. Kwa Chuma ilielekea nchi ya watu wa lugha yake. Safari moja ilikuwa na maana mbili, na bamba limehifadhi moja.

Mfano mkubwa zaidi ni Masasi. Sentensi iliyozoeleka husema: "Masasi ilianzishwa na Askofu Edward Steere mwaka 1876." Mwaka ni sahihi na jina ni sahihi, lakini sentensi yapotosha. Steere hakulileta jina la Masasi. Alilikuta, na jina halikai mahali pasipo na watu wa kulitamka. Tena hakuja peke yake. Alitoka Unguja pamoja na watu yapata hamsini waliokombolewa utumwani, ambao nia ilikuwa kuwarejesha upande wa Ziwa Nyasa. Safari ikakomea Masasi. Askofu akarudi Unguja. Wao wakabaki, wakajenga, wakalima. Ikiwa kitenzi "kuanzisha" chahitaji mtenda, basi mtenda wake ni wale waliobaki.

Ufupi wa sentensi ile wawaondolea watu hao jambo jingine pia. Mwaka 1882 Wangoni waliishambulia Masasi, na baadhi ya waliokombolewa wakatekwa mara ya pili. Hapo misheni ikahamia Newala, juu ya uwanda, kwa Matola, mmoja wa wakuu wa Wayao. Katika masimulizi mengi ya misheni Matola huonekana kama mtu wa pembeni, lakini bila yeye pasingekuwa na mahali pa kuhamia. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maandishi ya ukumbusho hulikumbuka neno "njoo", yakamsahau mwenyeji. Vivyo hivyo Cecil Majaliwa, Myao aliyepata kuwa mtumwa, alifanya kazi Chitangali, karibu na Newala, akapewa upadre mwaka 1890. Habari zake husimuliwa baada ya zile za maaskofu, kana kwamba alikuwa tunda la kazi yao tu, wala si mfanyakazi.

Hata hivyo, haifai kulifuta jina la Steere na kuliandika la Matola kwa kalamu ileile. Wamakonde, Wamakua na Wayao wana masimulizi yao ya kuvuka Ruvuma kutoka kusini, na mtu akitafuta wa kwanza kati yao atazua ugomvi mpya kwa neno la zamani. Dawa si kumbadili mwenye cheo, bali kukiacha cheo chenyewe.

Mtetezi wa mabamba atajibu kwamba jiwe ni dogo na habari ni nyingi. Jibu hilo halitoshi, kwa maana ufupi haumlazimishi mtu kuchagua vibaya. Maneno haya yaenea katika jiwe la kawaida: "Mahali hapa palikuwa na jina lake na watu wake. Mwaka 1876 walifika watu waliokombolewa utumwani, pamoja na Askofu Steere, wakajenga. Mwaka 1882 baadhi yao walitekwa tena. Misheni ilipokewa Newala kwa Matola." Hayana neno "kwanza", na hakuna aliyenyimwa haki yake. Msafiri aweza kuyasoma kabla injini haijapoa, kisha akajua kwamba amefika mahali palipokaliwa na watu, wala si mahali palipongojea kuvumbuliwa.