Kichwa, Reli na Mzigo: Uhakiki wa Simulizi ya Maendeleo ya Injini za Mvuke Ikisomwa kutoka Nachingwea na Ruangwa

Maandishi kuhusu injini za mvuke zilizovuta treni za haraka za abiria nchini Marekani yana muundo unaotambulika mara moja. Injini huzaliwa, hukua, hufikia kilele, kisha hustaafishwa. Mfano unaorudiwa sana ni kundi la K4 la Reli ya Pennsylvania. Injini yake ya kwanza ilitoka katika karakana za Altoona mwaka 1914, na hadi 1928 zilikuwa zimeundwa 425, zenye magurudumu ya kuvuta ya kipenyo cha inchi 80. Mwaka 1927 kampuni ya New York Central ilileta injini za Hudson, zilizoongezewa ekseli moja nyuma ili zibebe tanuri kubwa zaidi. Tanuri kubwa lilizalisha mvuke mwingi, na mvuke huo uliwezesha kuvuta mabehewa mengi bila kupunguza mwendo. Katika usimulizi wa namna hii kila kundi ni mtoto wa kundi lililotangulia, na mashine ndiyo mhusika mkuu.

Hoja ya sehemu hii ni kwamba mhusika mkuu huyo anasimama juu ya kitu ambacho simulizi haikitaji. Hudson iliwezekana kwa sababu njia ya New York Central ilifuata mabonde ya mito na kando ya maziwa, haikuwa na miinuko mikali, na abiria kati ya New York na Chicago walikuwapo tayari. Kampuni ilijibu msongamano; haikuubuni. Ushahidi uko kwa Wamarekani wenyewe. Walipotakiwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kuunda injini ya reli nyembamba na dhaifu za ng'ambo, walitoa ile iliyoitwa MacArthur, nyepesi na isiyo na haraka, ambayo baadhi yake zilifika Tanganyika baada ya vita. Kwa hiyo neno "maendeleo" katika vichwa vya vitabu hivyo lina udanganyifu kidogo: mashine haiendelei yenyewe, inaendelezwa na mahitaji ya njia. Wasemaji wa Kiswahili wanaoita injini "kichwa cha treni" wamelikaribia jambo hili zaidi, kwani kichwa hakina maana pasipo kiwiliwili.

Mtafiti wa reli za Tanzania huvutwa kuuazima muundo huo wa Kimarekani, na Nachingwea ndipo unapovunjika. Reli ya Jimbo la Kusini ilijengwa kwa ajili ya Mradi wa Karanga ulioanza mwaka 1947, ambao mpango wake wa awali ulilenga zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa ikiwa kusini. Njia ilianzia Mkwaya, karibu na Lindi, na baadaye ikaunganishwa na bandari ya kina kirefu ya Mtwara. Mpangilio ulikuwa kinyume cha ule wa New York: reli na bandari vilitangulia, mzigo ukasubiriwa. Mradi ulifutwa Januari 1951 baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36. Reli ilibaki ikifanya kazi bila karanga zilizokuwa sababu ya kujengwa kwake, na mwanzoni mwa miaka ya 1960, muda mfupi baada ya Uhuru, ilifungwa na vyuma vikang'olewa.

Matini mbili za Kiingereza zinazotegemewa sana hapa zinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Kitabu cha Alan Wood, The Groundnut Affair, kilitoka mwaka 1950, kabla mradi haujafutwa. Tena mwandishi alikuwa amefanya kazi katika idara ya habari ya shirika lililouendesha. Juzuu ya pili ya Permanent Way ya M. F. Hill, inayohusu reli za Tanganyika, ilichapishwa na shirika la reli lenyewe kabla njia hii haijafungwa. Hakuna kati yake iliyoshuhudia mwisho. Ndiyo maana hukumu iliyozoeleka, kwamba reli ya kusini ilikufa kwa kukosa mzigo, hurudiwa bila kuulizwa: mzigo upi, na mwaka gani?

Swali hilo si la kishabiki. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka mikoa ya kusini. Mzigo ulikuja, takriban miaka kumi baada ya mataruma kuondolewa. Pennsylvania iliipa K4 zaidi ya miaka arobaini ya kazi, hadi 1957; njia ya Nachingwea ilipewa kiasi cha miaka kumi na mitatu, kisha ikahukumiwa kwa zao moja lililoshindwa. Mhakiki hatakiwi kudai kwamba korosho zingeiokoa. Anachoweza kusema ni kwamba simulizi imefungwa mapema mno.

Ruangwa inaongeza ugumu mwingine. Ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea hadi miaka ya 1990, lakini reli haikuifikia. Katika simulizi inayofuata injini, Ruangwa haipo kabisa. Katika simulizi inayofuata mzigo, inaingia mara moja, kwa korosho, ufuta na sasa madini ya kinywe. Vilevile mashamba ya mradi yaliendelea kuwa na historia baada ya treni: Shamba Namba 17 la Nachingwea liligeuka kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO. Mwandishi anayehesabu vichwa vya treni hana mahali pa kuliweka tukio hilo.

Mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, wenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga, unaanza na makaa ya mawe na chuma, si na injini. Hadi ujengwe, korosho za Ruangwa na Nachingwea zinasafiri kwa malori.