Fundi Anayesubiri Gari Lipoe

Mchana gari la jirani yangu ni zima kabisa. Ni Land Rover Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, na likishapata moto linapanda kilima cha Bugando bila kukohoa. Kasoro yake hujitokeza alfajiri za Julai, kipupwe kikiwa kimeingia Mwanza na ubaridi wa ziwa ungali umetanda juu ya mawe. Unavuta choki, unapiga stata, linashika, linatetemeka, linazima.

Tulipolipeleka kwa fundi mmoja mzee wa Mabatini saa nane mchana, hakufungua hata boneti. “Liacheni lilale hapa,” alisema. “Siwezi kuliona likiwa na moto.”

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta ameweka kiganja kwenye manifoldi, kuhakikisha imepoa. Alitoa mpira wa hewa, akavuta choki, akachungulia koo la kabureta kwa tochi. Kipepeo cha choki hakikufunga mpaka mwisho. Ulibaki mwanya mwembamba kama ukucha. Petroli ya baridi haigeuki mvuke kirahisi. Nyingi hunata kwenye kuta za manifoldi, nazo silinda zikaambulia hewa. Choki hubana hewa ili petroli izidi. Alilegeza skrubu ya kebo, akavuta waya milimita chache, akakaza. Gari likawaka. Alipoachia pedeli, likazima.

Mafundi wengi hapo wangepandisha sailensa, yaani mwendo wa injini bila mguu kwenye pedeli, na kudai hela. Yeye aliifungua kabureta, Zenith 36 IV, akapanga skrubu juu ya kipande cha boksi kwa mpangilio uleule zilivyotoka.

Jeti ya sailensa aliielekeza kwenye mwanga wa mashariki. Haikupitisha kitu. Aliiloweka kwenye kikombe cha petroli, akaipuliza kwa upepo, akaiangalia, akailoweka tena. Kijana wake alimletea waya mwembamba, akaukataa. “Waya unapanua tundu, mwanangu. Tundu likipanuka halirudi.” Mara ya nne nukta ya mwanga ikatokea, ndogo kuliko tundu la sindano.

Kisha ikaja kazi ambayo ningeweza kuitazama siku nzima. Kabureta za aina hii zina udhaifu unaojulikana: uso wa kifuniko hupinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, petroli na hewa zikapenya pasipo njia yake. Mzee alilaza kipande cha kioo juu ya meza, akatandika msasa laini wa maji. Akachora mistari ya penseli kwenye uso wote wa kifuniko, akakigeuza, akaanza kukisugua kwa mizunguko midogo, vidole vitatu tu, bila kukandamiza. Baada ya mizunguko kadhaa alikiinua. Penseli ilikuwa imefutika pembeni, katikati bado ipo: pale ndipo palipobonyea. Akachora upya, akasugua tena. Hakuongeza kasi hata kidogo. Ilipita karibu saa nzima kabla ya mstari wa mwisho kufutika, na rula aliyoisimamisha juu yake haikuacha mwanga upite.

Gasketi mpya, kipete kipya cha mpira, skrubu zikakazwa kwa zamu, kila moja kidogo kidogo. Skrubu ya mchanganyiko aliifunga mpaka ikagusa, akairudisha mzunguko mmoja na nusu. Injini ilipopata moto akaisikiliza, akaibana skrubu hiyo kidogo tena. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na kipimo cha kule huzidisha petroli huku.

Jirani yangu alitoa pesa. Mzee akamwambia azirudishe mfukoni, gari lilale usiku mwingine.

Asubuhi liliwaka kwa stata moja. Alirudisha choki taratibu, likabaki linanguruma bila mguu kwenye pedeli. Alisimama pembeni yake dakika kumi nzima, ndipo akapokea malipo.