Kazi Iko Kwenye Jibu Lisilo Sahihi

Mwalimu anayefungua Moodle, programu ya kufundishia mtandaoni, kwa mara ya kwanza ili atunge swali la kuchagua hukutana na fomu ndefu. Kuna mahali pa kuandika swali, mahali pa kuandika machaguo, na chini kabisa kuna sentensi tatu zilizokwisha kuandikwa kwa niaba yake: jibu lako ni sahihi, jibu lako ni sahihi kwa kiasi, jibu lako si sahihi. Wengi huziacha kama zilivyo, kisha jitihada zao zote zinaishia kwenye saa ya kuhesabu dakika, rangi ya ukurasa na idadi ya mara ambazo mwanafunzi anaruhusiwa kufanya jaribio. Hapo ndipo programu inapobaki kuwa mashine ya kusahihisha. Hoja yangu ni kwamba sehemu ya programu hii inayoweza kufundisha ni ile inayoachwa bila kuguswa: yale majibu yasiyo sahihi, na neno analoambiwa mtu aliyeyachagua.

Mkazo huu juu ya kusahihisha una historia yake. Swali la kuchagua lilizaliwa Marekani kwa sababu ya haja ya kusahihisha upesi. Frederick Kelly wa Kansas alilitumia katika jaribio lake la kusoma kimya kwenye miaka ya 1914 na 1915, na mara baada ya hapo jeshi la nchi hiyo likalitumia kupima askari zaidi ya milioni moja wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Kwetu pia sababu ilikuwa ileile. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulimtaka mtoto aweke alama ya penseli kwenye A, B, C au D, kwa kuwa karatasi za watoto wote wa darasa la nane haziwezi kusahihishwa kwa kalamu nyekundu zikamalizika kwa wakati. Katika mtihani wa namna hiyo jibu lisilo sahihi ni mtego tu; likishamnasa mtu, kazi yake imekwisha, wala hakuna anayemrudia kumweleza kwa nini alinaswa. Lakini tangu miaka ya 1920 Sidney Pressey, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Ohio State, alikwisha kuonyesha njia nyingine. Alitengeneza kimashine chenye vitufe ambacho, kikiwekwa katika namna yake ya kufundishia, hakikusogea kwenda swali linalofuata mpaka mwanafunzi abonyeze kitufe sahihi. Maswali yaliweza kuwa yaleyale. Kilichobadilika ni kile kinachotokea baada ya kukosea.

Moodle, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas huko Perth, Australia, na ambayo toleo lake la kwanza lilitolewa rasmi mwaka 2002, inaweza kufanya kazi zote mbili, ya mtihani na ya kimashine cha Pressey. Ni ya bure, na anayetaka kuirekebisha ana ruhusa ya kufanya hivyo. Ina pia namna nyepesi ya kuandika maswali nje ya fomu ile ndefu, inayoitwa GIFT: unaandika kwenye faili la maandishi matupu, hata kwa simu, kisha unalipakia kwenye benki ya maswali. Alama ya = hutangulia jibu sahihi, ~ hutangulia jibu lisilo sahihi, na # hutangulia neno la kumwambia aliyechagua jibu hilo. Tazama swali moja la hesabu:

::Kujumlisha sehemu:: Kokotoa 1/2 + 1/3 {
=5/6 #Sawa. Umezigeuza zote mbili kuwa sehemu za sita, 3/6 na 2/6, ndipo ukajumlisha.
~2/5 #Linganisha 2/5 na 1/2 uliyoanza nayo. Ipi kubwa? Inawezekanaje kuongeza kitu kikapungua?
~2/6 #Asili ya 6 ni sahihi. Sasa rahisisha 2/6 uone inakuwa ngapi. Ile nusu imekwenda wapi?
}

Kila jibu hapo limewekwa kwa sababu yake. Anayechagua 2/5 amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, kosa ambalo mwalimu yeyote wa hesabu amelikuta kwenye madaftari. Anayechagua 2/6 yuko mbele yake hatua moja: ametafuta asili ya pamoja akaipata, lakini akaacha kiasi kama kilivyokuwa. Hawa ni wanafunzi wawili wenye shida mbili tofauti, na kuwaambia wote kwamba jibu lao si sahihi ni sawa na mganga kuwapa wagonjwa wawili dawa moja kwa kuwa wote wamesema wanaumwa. Angalia pia kwamba mrejesho wenyewe hautoi jibu. Wa kwanza unampa kitu cha kulinganisha, wa pili unamrudishia 1/3 mkononi ili agundue mwenyewe kwamba nusu imepotea. Hilo ndilo swali ambalo mwalimu angeuliza akiwa amesimama kando ya dawati.

Kwa hiyo mtu anayerekebisha programu aanzie hapa, na baada ya hapo ndipo aguse mipangilio. Mpangilio wa kwanza unaostahili kubadilishwa ni ule wa tabia ya maswali. Moodle, ikiachwa ilivyo, hungoja mpaka mwanafunzi amalize na kukabidhi jaribio zima ndipo imwonyeshe alichokosea. Hiyo ni tabia ya mtihani. Kwa zoezi la kujifunzia ipo tabia nyingine ya kujibu kwa majaribio kadhaa: mwanafunzi anajibu, anaambiwa neno lake papo hapo, anajaribu tena. Kila jaribio analokosea humpunguzia theluthi ya alama ya swali, isipokuwa mwalimu apange vingine. Kuna jambo dogo linalowakwamisha wengi: idadi ya majaribio hutegemea idadi ya vidokezo vilivyoandikwa kwenye swali. Swali lisilo na kidokezo hata kimoja hutoa nafasi moja tu, na faili la GIFT halibebi vidokezo, hivyo lazima viongezwe kwenye fomu baada ya kupakia. Mwalimu asiyejua hili atawasha tabia ile, ataona mwanafunzi hapewi nafasi ya kujaribu tena, na atadhani programu ni mbovu.

Neno hilo la mrejesho ni sharti. Mwaka 2005 Henry Roediger na Elizabeth Marsh walichapisha utafiti uliopaswa kuwatia wasiwasi watungaji wote wa maswali ya kuchagua. Waliona kwamba kujibu maswali hayo kunasaidia kumbukumbu kwa ujumla, lakini pia baadhi ya majibu ya uongo aliyoyachagua mwanafunzi hurudi baadaye kichwani mwake kama ukweli. Ukisoma jibu lisilo sahihi, ukaliamini, ukaondoka bila kuambiwa, umefundishwa kosa. Pingamizi hili ni zito na silikwepi, kwa sababu linagusa moja kwa moja kile ninachokitetea: kadiri jibu lisilo sahihi linavyofanana na ukweli, ndivyo linavyoweza kudhuru. Ila dawa yake ilijulikana miaka mitatu baadaye, pale Andrew Butler na Roediger walipoonyesha kwamba mrejesho hupunguza sana madhara hayo. Ndiyo maana jaribio la kujifunzia lisilotoa neno lolote ni baya kuliko mtihani. Mtihani walau humjia mtu mara chache. Zoezi hurudiwa, na kosa lisilosemwa hurudiwa pamoja nalo.

Kuna wanaosema swali la kuchagua halimfanyi mtu akumbuke chochote. Linamtaka atambue tu kilicho mbele ya macho yake. Hoja hii ina nguvu, na ushahidi maarufu wa faida ya kujipima unaipa nguvu zaidi. Katika utafiti wa Roediger na Jeffrey Karpicke wa mwaka 2006, wanafunzi waliosoma kifungu kisha wakajipima walikumbuka 56% ya mambo baada ya wiki moja, huku waliokisoma tena bila kujipima wakikumbuka 42%. Lakini kujipima kwenyewe kulikuwa kuandika kwenye karatasi tupu kila unachokumbuka. Hakukuwa na A wala B. Anayetumia takwimu hizo kutetea maswali ya kuchagua anavuka mto kwa daraja lisilo lake. Ushahidi unaohusika ni wa Jeri Little, Elizabeth Bjork na wenzao, uliochapishwa mwaka 2012. Waligundua kwamba pale majibu yasiyo sahihi yanapokuwa na ushindani wa kweli, mwanafunzi hulazimika kukumbuka kwa nini kila moja haliwezi kuwa jibu, na kwa njia hiyo hufaidika hata katika mambo ambayo hakuulizwa. Tunarudi palepale. Jibu la kijinga linakataliwa kwa kulitupia jicho tu. Jibu kama 2/6 linakataliwa kwa kufanya hesabu.

Kubahatisha nako ni shida halisi. Maswali 30 yenye machaguo matatu humpa asiyejua lolote alama 10 kwa wastani. Tony Gardner-Medwin wa University College London alitengeneza utaratibu, ambao sasa umo ndani ya Moodle, wa kumtaka mwanafunzi aseme ana uhakika kiasi gani na jibu lake. Akisema uhakika mdogo, hupata 1 akipatia na hapotezi kitu akikosea. Uhakika wa kati humpa 2 au humnyang'anya 2. Uhakika mkubwa humpa 3, lakini akikosea hupoteza 6. Ukipiga hesabu utaona kwamba kudai uhakika mkubwa kunalipa pale tu nafasi ya kupatia inapozidi 80%; anayebahatisha kati ya machaguo matatu huku akijidai ana hakika hupoteza alama 3 kwa wastani katika kila swali. Napenda utaratibu huu kuliko ule wa kukata alama kwa kila kosa, kwa sababu haumwadhibu asiyejua akakiri. Anayeadhibiwa ni anayejua uongo na kuushikilia, na huyo ndiye aliye hatarini zaidi akiwa, tuseme, mwanafunzi wa uuguzi anayekokotoa dozi.

Mwalimu mwenye vipindi vingi atauliza: nani ana muda wa kuandika maneno haya yote? Ni kweli kazi ni kubwa, na asiyekiri hivyo hajawahi kutunga maswali. Lakini sehemu yake inaweza kupunguzwa. Michael Rodriguez, baada ya kupitia utafiti wa miaka 80, alihitimisha mwaka 2005 kwamba machaguo matatu yanatosha. La nne na la tano mara nyingi huwekwa kwa mazoea, na hakuna anayeyachagua. Majibu yasiyo sahihi hayahitaji kubuniwa pia, yamo tayari kwenye madaftari ya mwaka jana. Na ripoti ya takwimu ndani ya Moodle huonyesha kila chaguo lilichukuliwa na asilimia ngapi ya waliojibu. Chaguo lililochukuliwa na mtu mmoja kati ya 40 halina kazi. Lifute au ulibadilishe. Likichukuliwa na nusu ya darasa, na hasa na wale wanaofanya vizuri kwenye maswali mengine, huenda tatizo liko kwenye swali, au kwenye kipindi kilichofundishwa. Benki ya maswali 20 iliyopitiwa hivi kila muhula inazidi thamani ya maswali 200 yaliyonakiliwa kutoka karatasi za zamani.

Pingamizi ninaloliona gumu kuliko yote ni la mtandao. App ya Moodle humruhusu mwanafunzi kupakua jaribio na kulifanya bila intaneti, jambo la maana sana kwa anayenunua bando kwa siku. Lakini ruhusa hiyo hupatikana tu ikiwa jaribio halina kikomo cha muda na linatumia tabia ile ya kungoja mpaka mwisho. Majaribio mengi yenye neno la papo hapo hayawezekani nje ya mtandao, kwa kuwa usahihishaji hufanyika kwenye seva. Yaani mwanafunzi aliye mbali na mnara ndiye anayekosa sehemu inayofundisha. Njia iliyopo ni kufupisha: badala ya zoezi moja la maswali 30, andaa mazoezi sita ya maswali matano matano, yawe yakifanywa na kutumwa mtandao unapopatikana, ili kati ya kosa na neno lake yapite masaa badala ya siku. Uzuri ni kwamba utaratibu wa Gardner-Medwin unakubaliwa hata nje ya mtandao. Mwanafunzi aliyeweka uhakika mkubwa kwenye 2/5 asubuhi, akatuma mchana, atakuta neno lake linamsubiri jioni pamoja na alama 6 zilizoondolewa.