Maji Yanakwenda Wapi?

Barabara kuu ya TANZAM huianika rejeta mbovu hadharani. Gari likitoka Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 900 kabla ya kuufikia mpaka wa Tunduma, na humo njiani kuna milima: kuna Kitonga, kuna Iwambi, kuna Senjele. Gari ambalo maji yake yanapungua kidogo kidogo linaweza kuzunguka mjini mwezi mzima bila mwenyewe kushtuka. Likiuanza mlima na mzigo, mshale wa joto humwambia dereva yote aliyokuwa hataki kuyasikia. Ndiyo maana mkoa wetu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni mahali pazuri pa kumjua fundi wa kweli.

Nazisifu kazi nyingi za gereji, lakini iliyo juu ya zote kwangu ni hii ya kutafuta maji yanayopotea, yakazibwa, yakapotea tena. Kushusha injini kunahitaji nguvu. Kazi hii inahitaji mtu anayeweza kukaa na swali bila kulikimbia. Mwenye gari huja na jibu lake tayari mdomoni: "Fundi, nizibie hapa, nina abiria." Fundi hodari haanzi kuziba. Anauliza kwanza maji yanakwenda wapi, na hatulii mpaka ajue kwa nini yamekwenda huko.

Ili kuiona thamani ya swali hilo, inafaa kujua injini inavyoishi huku juu. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maji yanayochemka pwani kwenye nyuzi 100, hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na injini nayo hufanya kazi vizuri ikiwa kati ya nyuzi 85 na 100. Kama maji ya rejeta yangekaa wazi, magari mengi yangechemka yakiwa yamesimama tu kwenye foleni ya forodha. Kinachoyaokoa ni mfuniko. Ule mfuniko mdogo wenye springi, ulioandikwa 0.9 au 1.1 juu yake, huyabana maji hata yakaweza kuvuka nyuzi 110 bila kuchemka. Kwa hiyo maji ya injini yenye moto yanasukuma wakati wote. Yanasukuma mpira wa juu na wa chini, yanasukuma njia nyembamba za rejeta, sili ya wotapampu, mabomba ya hita na gasketi ya hedi. Mfuniko ukilegea, mtu anaweza kununua rejeta mpya na gari lisipone.

Barabara hii ya TANZAM imewahi kuwa kali zaidi ya hivi. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, njia ya Zambia ya kusini ikaingia mashakani, na malori yakaanza kupeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba hadi bandari ya Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa udongo na changarawe, na walioipita waliiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika mwaka 1968, reli ya TAZARA ikapita hapa Tunduma katika miaka ya 1970, lakini malori hayakuondoka. Leo yanakwenda Lusaka, Lubumbashi na Harare, na tangu mwaka 2019 yanapita kwenye kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde. Mji unaokaa mwishoni mwa safari ndefu namna hiyo unahitaji watu wanaojua kuisikiliza injini.

Lakini si lazima liwe lori. Chukua Noah ya zamani, ile ambayo injini yake imelala chini ya viti vya mbele, inayopakia abiria kati ya Tunduma na Vwawa. Rejeta iko mbele, injini iko nyuma yake, na katikati kuna mabomba na mipira mirefu. Nyingine zina hita ya nyuma pia, na mabomba yake hupita chini ya bodi, kwenye matope na kutu. Siku moja mpira wa juu unapasuka. Fundi anaubadilisha na gari linaondoka. Baada ya muda rejeta inavuja pembeni, kwenye maungio ya plastiki na alumini. Inabadilishwa. Halafu wotapampu inaanza kudondosha kwenye kitundu chake cha chini. Nayo inabadilishwa. Mafundi watatu wameuza spea tatu, wote wamesema kweli juu ya walichokiona, na maji bado yanapungua.

Hapo ndipo ninapouona uzuri wa ufundi huu. Uvujaji unaorudi mara nyingi si ule ule wa mwanzo. Msukumo ndani ya injini umezidi kiasi chake na kutokea penye udhaifu. Ukizibiwa hapo, unakwenda kwenye udhaifu wa pili, kama malori ya foleni yetu ambayo njia moja ikifungwa hujibana kwenye ya pembeni. Kila tundu lililozibwa limeiongezea kazi sehemu inayofuata. Tumelelewa na methali ya kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta, nayo ni ya hekima, lakini fundi huyu ananifundisha jambo linaloitangulia: kujua kwa nini ukuta unapasuka.

Msukumo huo wa ziada unaweza kutoka mahali ambapo hakuna tone linaloonekana. Katika injini ya Noah hiyo, bloku ni la chuma na hedi ni ya alumini. Zikipata joto, alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na gasketi iliyobanwa katikati ndiyo inayouvumilia mvutano huo kila siku. Gari likichemsha vibaya, hata mara moja, hedi inaweza kupinda. Sehemu ya kumi ya milimita inatosha kuleta matatizo. Kuanzia hapo, gesi ya moto kutoka kwenye silinda huanza kupenya kwenye njia za maji. Mwanzoni ni kidogo sana. Oili haijawa na rangi ya maziwa, ekzosi haitoi moshi mweupe, gari linavuta vizuri. Ila mpira wa juu unakuwa mgumu muda mfupi tu baada ya kuwasha, kabla joto halijapanda, na mkono uliozoea hulitambua hilo mapema.

Mtazame fundi anayejua akiwa kazini. Kwanza haruhusu mtu afungue mfuniko wa rejeta yenye moto, maana maji yaliyobanwa hufumuka na kumuunguza uso. Wala haruhusu injini iliyochemka imwagiwe maji baridi, maana hedi inaweza kupasuka. Anasubiri, na wakati anasubiri anahoji. Maji yanapungua mlimani tu, au hata kwenye tambarare? Asubuhi ya baridi ya Juni, au mchana? Tangu Jumatatu umeongeza lita ngapi? Zulia la mbele limelowa? Vioo vinaingia ukungu wenye harufu tamu? Kila jibu linampunguzia mahali pa kutafuta. Zulia lililolowa linaelekeza kwenye hita. Tone linaloonekana asubuhi tu linaelekeza kwenye klipu iliyolegea, kwa kuwa mpira na chuma vimesinyaa kwa baridi. Maji yakipungua mlimani tu, na chini ya gari pakawa pakavu, anaanza kuishuku hedi.

Kisha anaiosha injini. Mteja hudhani muda wake unapotea, kumbe juu ya grisi na vumbi jekundu huwezi kusoma kitu. Kulanti ikivuja na kukauka huacha ukoko wa kijani, wa pinki au mweupe, na ukoko huo unaweza kumfikisha penye chanzo hata kama tone lenyewe limekaukia kwenye chuma cha moto. Baadaye anafunga pampu ya mkono kwenye mdomo wa rejeta, anajaza upepo mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, na kuukazia macho mshale. Ukishuka na nje pamelowa, amepata. Ukishuka na nje ni pakavu, anaacha gari lilale hivyo hivyo. Asubuhi anatoa plagi zote na kupiga stata, na silinda inayotema maji imejitaja. Kipo pia kipimo cha maji ya bluu: gesi ya injini ya petroli ikipita humo, bluu hugeuka manjano, ya dizeli huleta kijani. Fundi asiye na vifaa hivyo hujaza rejeta hadi mdomoni injini ikiwa baridi, huwasha bila mfuniko, na kutazama mapovu. Yakikoma, ilikuwa hewa iliyobaki. Yasipokoma, hedi inashuka.

Hata hedi ikishuka, kutazama hakujaisha. Anaiwekea rula ya chuma iliyonyooka kuona ilipopinda, anaipeleka kusagwa, anafunga gasketi mpya na kukaza boliti kwa hatua, akianzia katikati kwenda pembeni. Themostati inarudi mahali pake, na mfuniko mpya unawekwa. Kulanti iliyotoka haiachwi kwenye karai wala chupa ya soda, kwa sababu ni tamu na ni sumu, na gereji zetu hupitwa na watoto.

Njia za mkato zinajulikana. Ipo ya kuitoa themostati na kuitupa. Gari lisilo nayo huchelewa kupata joto katika asubuhi za Mbozi, hula mafuta na kuichakaza injini kabla ya wakati wake. Ipo dawa ya kuziba inayomiminwa kwenye rejeta. Huziba tundu, na huweza kuziba pia njia nyembamba za rejeta na hita. Ipo ya kujaza maji matupu siku zote, mpaka bloku linaota kutu kwa ndani. Siwalaumu madereva wanaozikimbilia, maana hesabu ya jioni inawasubiri. Lakini kila mojawapo inamnyamazisha shahidi kabla hajaulizwa.

Kinachoniuma ni kwamba kazi hii ya kutazama hatuilipi. Tunalipia spea na tunalipia mikono. Muda wa kuuliza, kuosha na kusubiri tunauona wa bure. Fundi anayemwambia mteja kwamba rejeta yake ni nzima huondoka mikono mitupu, na anayembadilishia rejeta nzima huondoka na hela. Kwa utaratibu huo, sisi wenyewe tunazifundisha gereji kubadilisha kabla ya kujua. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazi mitaani, na hiyo ni heshima wanayostahili. Heshima ya kila siku, hata hivyo, iko mkononi mwa mteja. Ukifika gereji ya Tunduma, Vwawa au Mlowo na gari linalopoteza maji kwa mara ya tatu, muulize fundi atatoza kiasi gani kulichunguza tu, kabla hajashika spana. Mlipe kiasi hicho hata akikuta tatizo ni mfuniko. Hasa akikuta tatizo ni mfuniko, kwa maana amekuokolea hedi.