Baiskeli Janja kwa Nani?

Siku hizi husifiwa sana "baiskeli janja": taa zake hujiwasha giza likiingia, ikiibwa simu humwonyesha mwenyewe ilipo, na programu humchagulia njia isiyo na magari mengi. Nikiwa Onduparaka, sidharau sifa hizo. Aliyewahi kuendesha baiskeli usiku kwenye barabara ya Arua kwenda Koboko, malori yaendayo Sudan Kusini yakimpita karibu na bega, anajua thamani ya taa.

Ninachopinga ni kuupima ujanja kwa mtandao peke yake. Tuchukue boda boda. Jina hilo lilizaliwa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, katika miaka ya 1960, kwa waendesha baiskeli waliovusha abiria. SafeBoda ilipoanza Kampala mwaka 2014, abiria akaanza kumwita dereva kwa simu akijua jina lake. Jambo jema hilo, hasa usiku. Lakini madereva wake walikuwa wa pikipiki. Mwenye baiskeli, aliyelizaa jina lenyewe, hakuonekana kwenye kioo cha simu.

Huku kwetu bado yupo, na keria yake imebeba mkaa, muhogo au madumu ya maji. Mteja humpigia simu ndogo ya vitufe, akamlipa kwa pesa za simu. Huko nako ni kuunganishwa, ingawa hakuna anayekuandikia sifa. Anachokosa ni njia yake pembeni ya lami.

Hata neno "janja" linanikera kidogo. Kwa Kiswahili, mjanja ni mtu wa kuangaliwa mikono. Mwaka 2018 iligundulika kwamba ramani ya Strava, iliyochorwa kwa safari za wakimbiaji na waendesha baiskeli, ilikuwa ikionyesha kambi za kijeshi. Wenyewe walidhani wanapima mazoezi tu. Na Januari 2021, intaneti ilipozimwa Uganda nzima wakati wa uchaguzi, kila chombo kilichoutegemea mtandao kilipoteza akili kwa siku kadhaa. Dinamo ya zamani, ile inayosuguana na tairi, iliendelea kuwaka kwa nguvu za miguu.

Basi anayetaka kututengenezea baiskeli janja na aanzie kwenye dinamo hiyo, aongeze keria isiyopinda chini ya gunia la muhogo, halafu ndipo amuulize mbeba mkaa kama anataka kujulikana alipo, na nani.