Sauti ya Mtu na Sauti ya Mtambo

Katika River Road, Nairobi, ambako santuri za benga zilirekodiwa na kuuzwa kwa wingi miaka ya 1970, mjuzi alimtambua mpigaji kwa gitaa lake. Leo programu kama Suno hutunga wimbo kamili kutokana na maneno machache. Katika uchunguzi wa Deezer na Ipsos wa mwaka 2025, uliohusisha wasikilizaji 9,000 wa nchi nane, asilimia 97 walishindwa kupambanua nyimbo za akili unde na za binadamu.

Wako wadaio kwamba lugha itaufichua mtambo, kwani utakosea mkazo, ambao katika Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Hoja hii ni dhaifu. Waimbaji wenyewe huuhamisha mkazo ili kuufuata mdundo, na hakuna awashukuye. Wala mkwaruzo si ushahidi: hata mlio wa chupa ya soda uandamanao na gitaa la omutibo, mtindo alioueneza marehemu George Mukabi, waweza kuigwa.

Tofauti hudhihirika penye hadhira. Mpiga gitaa katika baa ya Kangemi humtaja kwa jina aliyeingia punde, hurefusha kiitikio wachezaji wasipochoka, hukatiza ubeti ugomvi ukizuka mlangoni. Wimbo hujibu. Rekodi haijibu, iwe ya Mukabi au ya mtambo. Na ni rekodi hiyo inayouzwa mbali na Kangemi, kwa watu wasiomjua mpigaji, ambayo msanii huidai mirabaha.